Sindano wa Kituo cha Saba

Tarehe 3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Kwanza nisamehe. Miezi mitano bila hata kikaratasi cha salamu. Najua umeshaniita majina yote unayowaita nyani wanaokuibia mahindi. Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza mtoto alilia. Ya pili aliitapikia. Ya tatu nilisinzia na kalamu mkononi, nikaamka na wino shavuni. Ya nne sina sababu, nilikaa tu nikaitazama karatasi.

Dereva wa lori aliniambia amekufikishia habari kwamba nimejifungua salama. Ni msichana. Tunamwita Bosi, maana tangu afike hakuna anayekaa wala kula bila ruhusa yake. Mume wangu, Fundi, ambaye karakanani kwake watu wazima wanamwogopa akishika mashine ya kuchomelea, akikunjiwa uso na huyu mtoto anaanza kuomba radhi. Mimi nimerudi kazini, bado natoboa matundu ya vifungo vya sare za shule. Bosi analala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza, na msimamizi anajifanya hamwoni.

Birika la kupiga mluzi uliloagiza hili hapa, dereva atakupa. Ulisema la zamani limeacha kulia na umeunguza chai mara mbili. Hili ni jipya, nimelichagua mwenyewe.

Niambie habari za huko bondeni. Zaidi ya yote niambie habari za ndege wetu, Sindano. Bado anaimba pale kaburini kwa mama?

Binti yako,
Mama Bosi

*

Tarehe 19 Machi

Mama,

Marahaba. Nyani nao wamepokea salamu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda nikaisoma kwa sauti kaburini kwa mama yako ili asiseme namficha. Bosi! Na wewe ulikuwa hivyohivyo. Tulikuita Mkaguzi.

Birika nashukuru, ila walikuuzia bovu. Halipigi mluzi hata kidogo. Nilikaa mbele yake nikalitazama likitoa mvuke mpaka maji yakakauka. Vitu vya siku hizi! Hata mbu wa siku hizi wanauma kimyakimya, hawana adabu ya kupiga hodi.

Sasa hili la Sindano. Nilitaka nisikuandikie, ila umeuliza. Sindano ameondoka.

Misimu miwili sijamsikia. Kila msimu wa hesabu ya ndege natembea njia ileile unayoijua, vituo kumi na viwili, kila kituo dakika kumi, alfajiri tisa mfululizo. Njiwa nawapata. Hondohondo nawapata mpaka wananiudhi. Sindano hakuna, kituo cha kwanza mpaka cha mwisho. Nimeandika sifuri, nikaandika sifuri tena.

Unajua maana yake. Bonde hili halijaguswa na msumeno kwa ajili ya huyo ndege mmoja mwenye uzito wa barua. Ofisi ya misitu wameniambia wazi: msimu wa tatu ukitoka sifuri, katazo linaondolewa. Watakata vichaka vyote vya mtoni wapande miti ya nguzo. Watapita hapohapo kituo cha saba alipolala mama yako. Hesabu ya tatu naianza wiki ijayo.

Usiniambie niandike kwamba yupo. Miaka ishirini na sita sijaandika ndege ambaye sikumsikia.

Mama yako alisema nisihangaike na maua, mradi Sindano yupo pale atakuwa na mtu wa kuongea naye asubuhi. Nakaa pale sasa naona kama nimemwacha peke yake mara ya pili.

Baba yako

*

Tarehe 6 Aprili

Baba,

Shikamoo tena. Sijalala vizuri tangu barua yako, na safari hii siyo Bosi aliyeniamsha.

Jana nilikuwa nakata nyuzi kwenye matundu, Bosi yuko kapuni anatafuna kipande cha kitambaa, nikajikuta namsimulia. Nikamwambia: ni mdogo kama kidole gumba cha babu yako. Mgongo wake una rangi ya jani linaloanza kukauka. Tumbo lake ni la njano iliyofifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Juu ya jicho ana mstari mweupe, kama mtu aliyejichora nyusi kwa chaki akaishiwa chaki. Mkia juu muda wote. Hapandi juu kuliko kifua cha mtu mzima, anakaa vichakani karibu na maji, ananing'inia chini ya majani kama mtu anayetafuta kitu uvunguni mwa kitanda, anatoa viwavi. Nyumba yake ni duara la kuvumwani, zile ndevu za kijivu za magome ya miti, na mlango uko ubavuni. Na sauti, mwanangu, sauti nyembamba mno, ndiyo maana bibi yako alimwita Sindano. Dume anauliza mara tatu, jike anajibu mara moja. Ukiwa mbali utadhani ni ndege mmoja.

Bosi alinisikiliza kisha akapiga chafya. Nadhani ameridhika.

Nakumbuka ulivyonichukua nikiwa na miaka saba. Vituoni haturuhusiwi kuongea, kwa hiyo ulinishika mkono ukawa unanigonga kiganjani kwa kidole. Mara moja: dume ameuliza. Mara mbili: jike amejibu. Kisha unachora daftarini, alama moja kwa anayeuliza na ya pili kwa anayejibu, na asiyejibiwa unamwekea kistari. Mimi niliwaonea huruma wale wenye kistari. Nikawa nakugonga mara mbili hata kama sijasikia kitu, nawe ukaniambia tukirudi, "Mkaguzi, ukimwonea ndege huruma kwenye daftari unamuua porini."

Labda amehama tu, baba? Jaribu chini ya maporomoko. Na birika lirudishe kwa dereva, Fundi anasema atalifungua alione. Amekasirika kama vile birika limemtukana yeye.

Mama Bosi

*

Tarehe 20 Aprili

Mama,

Birika hilo, mwambie Fundi alikomeshe.

Hesabu ya tatu nimemaliza. Alfajiri tisa. Nilikwenda na chini ya maporomoko, nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Sifuri. Hata nyenje wamehama. Zamani jioni walikuwa wanalia mpaka ukuta unatikisika. Mwaka huu ni kimya kabisa, nasikia moyo wangu tu. Bonde linakufa, mama, na linaanza na wadogo.

Dereva alikuja na binti yake wa miaka sita. Mtoto mzuri, ila anaongea kwa kunong'ona, hata mdomo unaonekana unakwenda lakini neno halitoki. Watoto wa sasa mnawafundisha nini?

Ripoti nimeiandika. Gari la ofisi litakuja kuichukua tarehe 15 Mei, na Bwana Misitu mwenyewe atakuwemo. Nimesaini. Niliharibu karatasi mbili kwanza.

Baba yako

*

Tarehe 27 Aprili

Baba,

Soma barua hii umekaa. Na usiisome kwa sauti kaburini kabla hujaimaliza.

Dereva aliniletea birika Jumamosi mchana. Fundi alilifungua, akaligeuzageuza, akasema hana anachokiona. Nikalijaza maji nikaliweka jikoni, nikarudi kumlaza Bosi ambaye alikuwa amesinzia dakika ileile. Baba, birika lilipiga mluzi. Lilipiga mpaka Bosi akaruka mikono juu akalia, jirani akagonga ukuta, na Fundi akaliepua kwa mkono mtupu akaungua.

Nilimbeba mtoto nikasimama pale jikoni. Nikayaweka yote pamoja: mabirika mawili. Mbu. Nyenje. Mtoto wa dereva, ambaye ninamjua, baba, ana mdomo mkubwa kuliko honi ya lori la babake.

Njiwa unawasikia kwa sababu sauti yao ni nene. Hondohondo hivyohivyo. Nyembamba ndizo zimekukimbia.

Sindano hajaondoka. Ni masikio yako.

Najua ninachokuambia. Nyumba unayokaa ni ya ofisi, na ofisi imekupa kwa ajili ya masikio hayo. Najua nikisema hivi nakutoa kwenye kazi, na nakutoa kando ya mama. Nimefuta sentensi ile mara tatu, na mara tatu nimeirudisha.

Na usifikiri nakudai ukweli huku mimi nauficha. Nina wangu. Uliambiwa nimejifungua salama. Walikuwa wawili. Bosi alitangulia, akafuata kaka yake. Yeye hakulia. Walimgeuza, wakamsugua mgongo, hakulia. Nilikuwa nimejilaza pale nasikiliza. Wewe ndiye uliyenifundisha kusubiri dakika kumi nzima kabla ya kuandika hakuna, basi nilisubiri. Tukamzika kesho yake, Fundi na mimi na dada mmoja wa wodini. Ndiyo maana sikukuandikia miezi mitano. Nilijua nikianza barua na wewe nitaishia hapo.

Sasa nimekuambia, na bado niko hai. Kwa hiyo nakuomba na wewe.

Usiitoe ripoti hiyo. Nenda kituo cha saba, kaa kwenye gogo, na usisikilize. Tazama. Kaa mpaka jua liingie vichakani. Ukiona hayupo kwa macho yako, nitakuomba radhi kwa magoti.

Binti yako

*

Tarehe 6 Mei

Binti yangu,

Nimepokea.

Mimi nilikuwa nasikia kenge akipumua kabla fundi wako hajajua kutambaa. Umesahau nani aliyekupa masikio hayo unayonipimia leo. Birika huwa lina siku nzuri na siku mbaya, kama watu. Huku bondeni hewa ni nyingine.

Ripoti imeshasainiwa.

La mtoto siwezi kuliandika leo. Karatasi imelowa.

Baba

*

Tarehe 17 Mei

Mama, mama yangu,

Nilikwenda ili nikuonyeshe umekosea. Nilikaa kwenye gogo, kaburi liko mgongoni kwangu, mikono nimeifungia kifuani kama mtu aliyeitwa kwenye kesi. Nikatazama vichaka. Si kazi niliyoizoea. Kwa miaka yote nimekuwa nikifumba macho vituoni.

Jua lilipofika chini, jani moja likatikisika bila upepo. Likafuata la pili. Akatokea, akapanda kijiti kilicho mkono mmoja tu kutoka gotini kwangu. Nyusi zake za chaki. Mkia juu.

Akafungua mdomo.

Mama, nilimwona akiimba. Koo lilitetemeka, manyoya ya kidevu yakasimama, mkia ukawa unapiga kama mguu wa mtu kwenye cherehani. Aliimba wimbo mzima pale mbele yangu, na kwangu ilikuwa kimya kama picha. Nikaingiza vidole masikioni nikavitoa, kama mjinga. Nikainama nikamsogelea mpaka nikaona ulimi. Hakuna kitu.

Kisha akanyamaza, akageuza kichwa upande wa mtoni, akasubiri, akajitikisa kwa furaha, akaanza tena. Ndipo nikajua alikuwa amejibiwa. Wako wawili. Misimu mitatu wamekuwa wakiongea pale asubuhi zote na mama yako, na mimi nimekaa katikati yao naandika sifuri.

Nililia kwa sauti, nadhani. Yeye aliruka, kwa hiyo lazima ilikuwa kwa sauti.

Ripoti sikuichana. Nimeandika juu yake kwa wino mwekundu: Si kweli. Aliyehesabu hasikii. Nikasaini mara ya pili. Bwana Misitu alipokuja aliisoma amesimama, akavua kofia, akakaa kwenye ngazi yangu. Akaongea nikamwambia rudia, na safari hii nilimwambia kwa nini. Amesema hesabu lazima irudiwe na masikio yanayosikia kabla Juni haijaisha, na mimi niwe pale kuonyesha njia. Akasema pia kwamba mwisho wa mwaka nyumba itapewa mhesabu mpya. Alikuwa anatazama kofia yake aliposema hayo. Sikumlaumu.

Akaniuliza kama namjua mtu anayemfahamu ndege huyu kwa sauti. Nikasema ninaye mmoja, ila ana mtoto mdogo na bosi mkali.

Sasa la mjukuu wangu. Nimelibeba siku zote hizi. Barua ile ya hasira niliiandika kwa sababu hasira ilikuwa karibu kuliko hilo jingine, nisamehe. Nimefungua daftari la mwaka jana, ukurasa wa Oktoba siku uliyojifungua, nikaweka alama mbili. Sikuweka kistari. Nimeona ni lazima nikuambie, maana nimevunja kanuni yangu mwenyewe.

Baba yako

*

Tarehe 29 Mei

Baba,

Shikamoo. Alama mbili nimezipokea. Nilimwonyesha Fundi, akaenda kusimama nje kwa muda, akarudi akasema moshi umemwingia machoni. Huku kwetu hakukuwa na moshi.

Ninakuja. Msimamizi wangu wa kazi amenipa siku kumi na mbili. Nilijiandaa kumbembeleza, nikaanza, "Baba yangu ni mhesabu wa ndege na hasikii," akaniambia nyamaza nenda. Tutafika tarehe 12 Juni na lori. Fundi atabaki nyumbani kwako na Bosi alfajiri tukiwa njiani, maana Bosi akiingia bondeni tutahesabu yeye tu.

Nitaandika nitakachosikia, hata kama ni kidogo. Siwezi kumwonea Sindano huruma daftarini. Ulinifundisha, na sasa kanuni hiyo itakupata na wewe. Na sitakudanganya kwamba kuna dawa. Nilimuuliza daktari wa masikio hapa mjini, akasema sauti nyembamba zikishaondoka huwa hazirudi. Utakuja ukapimwe hata hivyo, nenda rudi nitakushika mkono, na usinijibu kuhusu hilo.

Mwisho wa mwaka utakuja kukaa na sisi. Chumba ni kimoja na pazia, Fundi ameshapima pa kuweka kitanda chako karibu na dirisha. Mama tutamwacha pale. Nimetafuta namna nyingine, baba, nimeitafuta usiku na mchana, haipo. Ila vichaka visipokatwa atakuwa na watu wa kuongea naye asubuhi, na hilo litatokana na wino wako mwekundu.

Kaka yake Bosi hajapewa jina. Tutakapokuwa kituo cha saba nataka tulimalize hilo, mimi na wewe, tukiwa na mama.

Sasa sikiliza, dereva anapita kwako Alhamisi. Nitumie vitu hivi, vyote, usichague:

Buti za mama, zile nyeusi nyuma ya mlango. Zikung'ute buibui kwanza, kisha uzijaze magazeti zisibonyee njiani. Nataka nizivae humu ndani siku chache, zilainike.

Daftari la mwaka nilipokuwa na miaka saba, ili nione ulivyopanga safu.

Kibali cha ofisi chenye muhuri na maneno kwamba mhesabu ni mimi. Kikikosa muhuri kirudishe kwao, usiwaonee haya.

Penseli mbili. Kalamu ya wino huko inagoma kwa unyevu, nakumbuka.

Idadi ya hatua zako kati ya kituo cha sita na cha saba. Zangu ni fupi, nitakokotoa.

Turubai dogo la kumkinga Bosi na umande tukiwa kwenye lori, lile la kijani, siyo lenye tundu.

Birika usitume, liko kwangu. Nitakuja nalo, na likilia nitakuambia.

Na neno moja kwa mkono wako, kabla ya yote hayo: niandikie nikugonge kwenye kiganja kipi. Cha kushoto panga lilikikata mwaka ule, sijui kama bado unahisi kitu pale. Mara moja akiuliza. Mara mbili akijibiwa.

Binti yako,
Mkaguzi